Shahidi Asiye Ndugu wa Bi Ardelia

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na sita. Hapana, nakosea. Kumi na sita ndio mwaka wa kimbunga, na kimbunga kilikuja Oktoba. Haya yalitokea Juni, nyanya zikiiva mashambani na kisiwa kizima kikinuka majani yake, kwa hiyo ni kumi na saba. Tena nakumbuka lile turubai la buluu juu ya paa la Bi Ardelia Fludd lilikuwa limeshapauka kwa jua, na kulipaukisha turubai jipya kunataka miezi.

Bi Ardelia alikuwa amekaribia miaka themanini wakati huo. Utoto wake aliumalizia kwenye banda la chaza, akizifungua kwa kisu kifupi, na makovu ya kazi hiyo anayo vidoleni hadi leo. Baadaye aliendesha basi la shule miaka thelathini. Nusu ya watu wazima wa kisiwa hiki walipanda basi lake, na akiwakuta dukani bado anawaambia wakae vizuri, nao wananyooka migongo kabla hawajakumbuka kwamba wana wajukuu.

Ila kitu alichojulikana nacho zaidi ni swali lake. Mtu yeyote akitia mguu uwanjani pake, awe fundi wa simu, awe mhubiri, awe amepotea njia tu, Bi Ardelia hamuulizi anataka nini. Anamuuliza, "Watu wako ni akina nani?" Kisha anavuta kiti. Kabla chai ya barafu haijaisha glasini, ameshapata bibi fulani au mjomba fulani, na mgeni amekuwa ndugu. Hakuwa akifanya mzaha. Alijua kweli. Alikuwa na ukoo mzima kichwani, wa kwake na wa wenzake, kama wengine walivyo na nyimbo za kanisani.

Sasa habari ya paa. Kimbunga kilipopita kilikwenda na robo ya bati lake. Ukatokea mradi wa kukarabati nyumba za wazee, bure kabisa, na Bi Ardelia akaandikisha jina lake. Wakamwambia vizuri sana mama, tuletee hati ya nyumba. Hati iliyokuwepo ilikuwa na jina la mzee Primus Fludd, aliyeinunua ardhi ile baada ya vita vilivyoondoa utumwa, akafa bila kuandika nani achukue wapi. Wanawe nao wakafa vivyo hivyo, na wana wa wanawe. Hapa Fludd Corner, kitongoji chetu, ukiuliza shamba ni la nani unaambiwa ni letu, na ndivyo lilivyo kisheria pia: la wote kwa pamoja, hata la mtoto aliyezaliwa jana huko Newark. Bi Ardelia, Fludd wa kuzaliwa, alikuwa amelala kwenye nyumba ile tangu alipoolewa, marehemu mumewe ndiye aliyeipigilia kila msumari, lakini mbele ya mradi hakuwa na hata mlango.

Wakili wa mjini akamwonyesha njia. Ukoo mzima umwachie ile nusu ekari yenye nyumba, kwa hati ya kuachilia haki. Hati hiyo ina tabia yake. Anayetia sahihi hajigambi kwamba ana kitu. Anasema tu: haki yoyote niliyo nayo hapa, kama ninayo, namwachia Ardelia. Kaka yake, Josephus, alipoelezwa hayo kwa simu kutoka Philadelphia, alicheka hadi akakohoa.

"Yaani nikupe nisichojua kama ninacho?"

"Ndiyo hivyo, kaka."

"Dada, hiyo ndiyo zawadi nimeitafuta maisha yangu yote."

Wa mbali wengi walitia sahihi huko huko waliko, karatasi zikarudi kwa posta. Josephus alikataa. Alikuwa na miaka tisini na moja, na alisema hataachia ardhi ya baba yake juu ya meza ya Philadelphia yenye mabaki ya uji. Atakuja kwenye mkutano wa ukoo na ataachia akiwa amesimama juu yake. Hivyo mambo yote yakaangukia siku moja, Jumamosi ya mkutano. Mradi ulikuwa unafunga pazia Jumatatu saa sita mchana, na Josephus lazima aondoke na mjukuu wake alasiri ile ile ya Jumamosi, kwani Jumatatu madaktari walikuwa wanamngoja. Sahihi ikikosekana, hakuna paa, na msimu wa vimbunga ulikuwa umeshaanza tena.

Wakili alikuwa amewaandikia masharti. Katika jimbo letu hati haisimami kwa sahihi peke yake. Kila anayeachia atie sahihi mbele ya mashahidi wawili, wamwone kwa macho yao, kisha wao nao waandike majina. Halafu mwenye muhuri wa serikali, mtu aliyeapishwa kuthibitisha sahihi, aigonge, naye aweza kuhesabiwa kuwa shahidi mmoja. Akina Fludd walipolisikia hilo la muhuri walifanya jambo ambalo akina Fludd tu ndio wangelifanya. Waliona haya kumsumbua mtu wa nje kwa shughuli ya nyumbani, kwa hiyo wakamchangia binamu yao Lavonne akaapishwe awe mwenye muhuri. Lavonne, mama wa makamo anayeuza bima na kuvaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, alirudi na muhuri wake mpya ndani ya kitambaa cha velveti. Walimpigia makofi kanisani.

Jumamosi ilifika. Wali mwekundu ulikuwa sufuriani, kaa wanachemka, samaki wanakaangwa kwenye mafuta, watoto wamejaa mchanga. Josephus aliteremka kwenye gari akiwa na suti ya kijivu na kofia, akamtazama dada yake kutoka juu hadi chini, akamwambia amezeeka vibaya. Bi Ardelia akamjibu kwamba yeye angalau kazeeka na meno yake. Wakakumbatiana, na kwa muda hakuna aliyetaka kuwaangalia.

Baada ya kula, Lavonne alipanga karatasi mezani, akampigia wakili simu kumwambia wako tayari. Wakili alikuwa mbali, kwenye harusi ya dada yake milimani. Akauliza nani mwenye muhuri. Lavonne akasema kwa fahari ni yeye. Wakili akamuuliza jambo jingine.

"Lavonne, mama yako alikuwa Fludd?"

"Fludd wa damu."

"Basi jina lako limo kwenye hati. Wewe ni mmoja wa wanaoachia. Huwezi kuachia kitu kisha ukajigongea muhuri mwenyewe."

Wakili akaendelea kwa upole. Na mashahidi vile vile, alisema. Asiwe yeyote wa uzao wa Primus, na kwa usalama asiwe mke wala mume wa mtu wa uzao huo. Atafutwe mtu baki.

Lavonne alikata simu akageuka kuutazama uwanja. Watu walikuwa wengi kama siku ya mazishi ya mchungaji, na kila uso aliouona ulikuwa na lile paji la uso la Primus. Aliowaona hawana paji hilo walikuwa wameoa au wameolewa humo, mimi nikiwamo. Mchungaji wa sasa mama yake alikuwa wa Fludd. Mwenye nyumba ya mazishi, ambaye kumbe ana muhuri tangu zamani, ni binamu wa pili. Mtu baki. Walilitamka neno hilo kwa zamu kama watu wanaoonja chakula cha kigeni.

Hapo ndipo likaja gari la barafu. Dereva alikuwa kijana mnene mwenye sauti ya chini, Rudell Bright, aliyehamia kutoka Savannah miezi michache tu iliyopita. Lavonne alimwona kama malaika. Alimshika mkono kabla hajateremsha hata mfuko, akamweleza, na Rudell akasema hana neno, ataandika jina lake popote mradi barafu isiyeyuke. Wakaona shahidi wa kwanza wamempata. Walimkalisha barazani akiwa anamngoja mwenye muhuri atakayetafutwa, na kosa lilikuwa ni kumkalisha karibu na Bi Ardelia.

"Watu wako ni akina nani, mwanangu?"

"Watu wa Savannah tu, mama. Akina Bright."

"Hao wa upande wa baba. Aliyekulea?"

"Bibi yangu. Bibi Hagar."

Bi Ardelia akaweka chini glasi yake. "Hagar aliyekuwa akiimba meno yameumana?"

Rudell akaduwaa. Akasema ndiyo, kanisa zima lilikuwa likimcheka kwa hilo.

"Hagar wa Esau," alisema Bi Ardelia, na machozi yakaanza kumtoka. "Baba mdogo Esau aliyeondoka na binti yake kufuata kampuni ya mbao, hatukuwasikia tena. Josephus, njoo uone. Huyu ni mjukuu wa Hagar wa Esau."

Kulikuwa na shangwe ambayo sijawahi kuisikia tena. Walimnyanyua Rudell na unene wake. Wazee walimshika mashavu. Alipewa sahani ya kaa, kisha ya pili, na mtu akaenda kumteremshia barafu yake. Lavonne peke yake ndiye aliyebaki amekaa ngazini, ameshika kichwa na miwani yake yote miwili. Si tu kwamba wamempoteza shahidi. Wamempata mrithi, na mrithi ambaye hayumo kwenye orodha ni tundu jingine kwenye hati.

Alimpigia tena wakili. Muziki wa harusi ulikuwa unasikika nyuma. Wakili alivuta pumzi ndefu, akasema kuna fomu tupu ndani ya bahasha, huyo kijana ajaziwe ya kwake na aachie kama wenzake. Rudell, mdomo umejaa, akasema ataachia chochote wanachotaka, maana asubuhi ile aliamka hana kitu cha kuachia.

"Na nakuomba jambo moja," wakili akamwambia Lavonne. "Shahidi mwingine akipatikana, Bi Ardelia asiongee naye."

Mwenye muhuri pekee aliyebaki upande huu wa daraja alikuwa Bi Krebs wa duka la chambo, mama wa Kizungu mwenye sauti kavu, anayegonga muhuri hati za mashua. Lakini Bi Krebs na Bi Ardelia walikuwa hawasemezani. Miaka ya nyuma Bi Ardelia alisema mbele ya wateja kwamba uduvi wa Bi Krebs unanuka, na Bi Krebs akamwambia asikanyage tena pale. Vijana walijitolea kwenda kumwomba. Wakarudi na jibu: aliyesema uduvi unanuka aje mwenyewe.

Basi Bi Ardelia alivaa kofia yake ya kanisani, akaingia kwenye gari la Lavonne. Alikuwa anauza kiburi chake kwa ajili ya bati, na hilo lilimuuma, lakini alikuwa pia amelala miezi minane akisikiliza turubai likipiga usiku kama bendera, na hilo lilimuuma zaidi.

Bi Krebs alikuwa nyuma ya meza, anahesabu ndoana.

"Nilisikia unanitafuta," alisema bila kuinua kichwa.

"Nakutafuta."

"Mna kisiwa kizima cha watu kule kwenu."

"Wote ni ndugu zangu. Namtaka mtu ambaye si ndugu yangu hata kidogo, na nikaona hakuna anayekuzidi."

Bi Krebs aliinua kichwa. Midomo yake ilitaka kucheka akaizuia. "Na uduvi wangu?"

Bi Ardelia alirekebisha kofia yake. "Siku ile ulinuka," alisema. "Lakini sikuwa na haja ya kusema kwa sauti ya basi."

Bi Krebs aliangua kicheko sasa, akasema kweli ulinuka, friji ilikuwa imekufa usiku, naye alijua, ndiyo maana alikasirika. Akauchukua muhuri wake kutoka kwenye kisanduku cha ndoana. Bi Ardelia alifurahi mno, ulimi ukamponyoka: Bi Krebs alitoka Ohio, sivyo, na kuna akina Fludd waliohamia Ohio wakati wa — Lavonne akamziba mdomo kwa kiganja.

Alibaki shahidi wa pili. Kwenye ngazi za duka alikuwa amekaa mchuma nyanya mmoja, anakunywa soda, kofia ya majani magotini. Jina lake Anselmo, mtu wa makamo kutoka Oaxaca, Mexico, anayepanda kaskazini akifuata mavuno kila mwaka: Florida, kisha huku, kisha Virginia. Bi Krebs alimfahamu, akamweleza taratibu wanachotaka. Anselmo alisikiliza kwa makini, akauliza kama kuna mtu anayenyang'anywa nyumba. Wakamwambia hapana, kuna mtu anayepewa. Akasema hiyo ataiangalia kwa furaha, na akaomba kwanza anawe mikono.

Waliporudi, Josephus alikuwa ameshawekwa tayari, na mjukuu wake akizungusha funguo kidoleni. Mzee alikataa kutia sahihi barazani. Alisema amekuja kusimama ardhini, na mbao si ardhi. Meza ikateremshwa kwenye nyasi. Akavua viatu, akavua soksi, akaikunja miguu ya suruali ya suti.

Bi Krebs alikuwa mkali kuliko walivyotarajia. Alitaka kitambulisho cha kila mmoja, na aliwaita kwa majina yaliyoandikwa humo, ambayo hapa kwetu ni majina ya serikalini tu. Aliita Cornelius Fludd mara kadhaa uwanja ukamtazama. Hatimaye mke wa mtu mmoja akampiga mumewe kiwiko. "Pudding, si ndiye wewe huyo?" Pudding akaenda mbele akiwa na aibu. Hivyo hivyo wakapita, Lavonne, Pudding, Rudell na mkono wake wenye mafuta ya kaa, na kila aliyeinama kuandika, Bi Krebs na Anselmo waliinama naye kumtazama, kisha wakaandika majina yao chini. Bi Ardelia alikuwa amekalishwa mbali, kwenye kiti cha plastiki, na wajukuu wawili wamemlinda kulia na kushoto. Macho yake hayakumwacha Anselmo. Alimwona anavyosimama, anavyoweka kofia chini ya kwapa, midomo ya Bi Ardelia ikacheza, akaifunga, ikacheza tena. Nimemwona mama yule akifukuza nyoka ndani ya basi. Sikuwahi kumwona akipata taabu kama ile.

Josephus alikuwa wa mwisho. Mkono ulimtetemeka, kalamu ikagusa karatasi ikaondoka. Mjukuu wake akataka kumshika. Bi Krebs akasema hapana, aandike mwenyewe, hata ikichukua mpaka jioni. Moto chini ya mafuta ya samaki ukazimwa. Mzee aliingiza vidole vya miguu mchangani, akasubiri, mkono ukatulia. Akaandika jina lake lote, herufi moja moja, kama walivyofundishwa zamani kwenye shule ile yenye chumba kimoja.

"Haya, Ardelia," alisema. "Kama nilikuwa nacho, ni chako. Kama sikuwa nacho, usinisumbue."

Anselmo akaandika. Bi Krebs akaandika, akagonga muhuri, akapulizia wino. Lavonne alizikusanya karatasi zote akazifungia kwenye gari lake, akarudi akiwa ameshika ufunguo juu, ndipo akawapa ishara wale wajukuu wawili.

Bi Ardelia alivuka uwanja haraka kuliko umri wake. Alimshika Anselmo mikono yote miwili.

"Sasa," alisema, "niambie. Watu wako ni akina nani?"

Anselmo alianza na mama yake, akaja kwa bibi yake, na bibi huyo alikuwa wa ile pwani ya kusini wanakoishi watu weusi wa Mexico, wavuvi, wanaopika wali na samaki, ambao mababu zao nao waliletwa kwa meli. Bi Ardelia alikuwa akitikisa kichwa tangu neno la pili. Alisema alijua. Alimjua kwa mabega. Bi Krebs akasikia, akauingiza muhuri kisandukuni na kukifunga kwa komeo, akasema duka lake limefungwa, hakuna kuanza upya. Kisha akakaa, akala sahani nzima ya wali mwekundu, na mtu alipompelekea uduvi akaunusa kwanza, kwa makusudi, Bi Ardelia akimwona. Wakacheka wote wawili mpaka wakashikana mabega.

Gari la Philadelphia liliondoka Josephus bado yuko peku, viatu mapajani. Aliipungia mkono nyumba, si watu. Anselmo alicheza na kila shangazi aliyemshika, kofia ikawa kwa watoto. Rudell alikumbuka barafu za wateja wengine jua likiwa limeshalala.

Jumatatu asubuhi Lavonne alikuwa wa kwanza mlangoni pa ofisi ya kaunti. Karani alipekua ukurasa baada ya ukurasa, sahihi, shahidi, shahidi, muhuri, hakuona pa kukataa. Mwezi wa Agosti mafundi walishusha lile turubai, wakapandisha bati la kijani alilolichagua mwenyewe. Mvua ya kwanza iliponyesha, Bi Ardelia aliwaita majirani waje kuisikiliza, na walikuja, wakakaa sebuleni kimya kama watu walio kwenye maonyesho.

Nilipita pale tena mwaka uliofuata. Alinionyesha hati, imewekwa kwenye fremu ukutani kando ya picha ya marehemu mumewe, jina lake peke yake juu yake. Nusu ekari, ya Ardelia Fludd. Ana watoto saba, na wajukuu hata yeye huwakosea hesabu, nami nikakumbuka mzee Primus alivyoanza. Nilimuuliza jambo moja. Alinikatia kipande cha pai ya viazi vitamu. Nilipokimaliza nikamuuliza tena, akanikatia kingine kikubwa zaidi, akaanza kunieleza habari za watu wa Ohio. Nimewauliza wanawe, nimemuuliza Lavonne, kila mmoja hutazama pembeni na kuuliza kama nimeshakula. Na lilikuwa swali dogo tu: Bi Ardelia, wosia umeandika?